Mgeni Aliyekuja na Jembe Lake

Wazee wetu walituachia methali isemayo: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maana yake yajulikana kwa kila mtoto wa Ujiji. Mgeni hukirimiwa, hupewa kitanda na maji ya kuoga, huulizwa habari za atokako. Lakini akikaa sana, na ashike kazi pamoja na wenyeji wake. Mtume wetu (s.a.w.) naye alitufundisha kwamba haki ya mgeni ya kukirimiwa ni siku tatu, na kwamba haimpasi mgeni kukaa mpaka akamtia mwenyeji wake katika dhiki.

Lakini zama zetu zimeleta mgeni wa namna nyingine, ambaye wazee hawakumjua. Huyu huja na jembe lake mwenyewe, wala halimi shamba la mwenyeji. Hukaa barazani kwa mwenyeji wake akalima shamba lililo ng'ambo ya bahari, na ujira wake hulipwa hukohuko ng'ambo. Jembe hilo ni kompyuta, na njia ya kulifikia shamba ni intaneti. Na katika mlango wa nchi yupo mlinzi, naye ameandikiwa katika kitabu chake kwamba mgeni asishike jembe. Je, mtu huyu ni mgeni au ni mfanyakazi? Hilo ndilo jambo tutakalo kulizungumza leo na wasomaji wetu, kwani limekwisha kuingia majumbani mwetu hapa Kasingirima.

Mlangoni mwa jirani

Jioni moja, baada ya sala ya magharibi, alikuja barazani petu kijana mmoja tuliyemfundisha Kurani tangu akiwa mtoto wa miaka saba. Hatutamtaja jina, maana aliyetukia na jambo hili leo ni yeye, na kesho huenda akawa mwana wa msomaji. Kijana huyu alisoma shule, kisha akajifunza uhasibu, na sasa huandika hesabu za kampuni moja iliyoko Dubai. Dubai kwenyewe hajapata kukanyaga. Huketi chumbani kwao, hufungua kompyuta yake, na kila mwisho wa mwezi hupokea ujira. Kwa ujira huo huwatunza wazazi wake na kuwasomesha wadogo zake wawili.

Dada yake mkubwa ameolewa katika nchi jirani. Dada huyo alishikwa na maradhi yaliyohitaji kupasuliwa, na mumewe ni mtu wa safari. Basi ndugu akawa anakwenda na kurudi: wiki tatu huko, wiki tatu hapa. Mchana akiwapikia watoto na kumpeleka mgonjwa hospitali. Usiku akiandika hesabu za watu wa Dubai. Mara ya kwanza hakuulizwa neno mpakani. Mara ya pili na ya tatu kadhalika. Mara ya sita, afisa wa kituo aliifunua pasipoti ukurasa kwa ukurasa, akaihesabu mihuri, kisha akamtazama usoni.

"Umeingia mara sita katika miezi tisa. Unaishi hapa?"

"La, bwana. Naja kumwuguza dada yangu."

"Wewe kazi yako ni nini?"

"Sina kazi, bwana."

"Na kompyuta hii?"

"Ya kutazamia picha tu."

Afisa akataka ifunguliwe. Kitu cha kwanza kilichoonekana kilikuwa barua ya kampuni ikimhimiza amalize hesabu kabla ya Alhamisi. Hapo hapakuwa na maneno tena. Kijana alirudishwa, na pasipoti yake ikapigwa muhuri wa kukataliwa. Dada yake alipasuliwa siku ya nne, asiwepo mtu wa damu yake mlangoni mwa chumba cha upasuaji, na watoto wakalala kwa jirani. Alhamdulillahi, alipona. Lakini alipozinduka, aliyemwulizia kwanza alikuwa ndugu yake, na wauguzi hawakuwa na la kumjibu.

"Maalim," kijana akatuuliza, "nimekosa nini? Mwajiri wangu yuko Dubai. Sikumnyang'anya mtu wao kazi, wala sikupokea hata senti moja ya nchi yao. Je, mtu akimwuguza dada yake hana ruhusa ya kutafuta riziki yake usiku?"

Tulinyamaza. Elimu yetu ni ya chuo cha Kurani na ya shule ya msingi, na swali lile lilikuwa kubwa kuliko kilemba chetu. Tukamwambia, "Tupe siku chache, mwanangu, tuulize." Kisha tukamwendea kijana mmoja aliyesoma sheria, akatusomea na kutueleza, na haya tunayoyaandika ndiyo tuliyoyapata.

Sheria yasemaje

Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, yaani Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi, zilitia sahihi Itifaki ya Soko la Pamoja tarehe 20 Novemba 2009, na itifaki ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Kwa itifaki hiyo, raia wa nchi moja akienda nchi nyingine kuwa mgeni hahitaji viza. Hupewa pasi mlangoni bila malipo, na pasi hiyo yaweza kufika muda wa miezi sita. Kongo, iliyo ng'ambo ya ziwa letu, ilitia sahihi mkataba wa kujiunga na Jumuiya tarehe 8 Aprili 2022. Lakini kutia sahihi ni jambo moja, na desturi za kila mlango ni jambo la pili. Anayekusudia kwenda Uvira au Kalemie na aulize kwanza kabla hajapanda chombo.

Itifaki hiyohiyo yamtaja pia mfanyakazi, nayo yamwekea mlango mwingine. Mfanyakazi ni mtu aliyepata mkataba wa kazi katika nchi anayoiingia. Huyu hana budi kuomba kibali. Na kama mkataba wake hauzidi siku 90, huomba pasi maalumu. Basi milango ni miwili: wa mgeni na wa mfanyakazi. Sasa mtazameni kijana wetu. Mlango wa mfanyakazi hawezi kuupita, maana hana mwajiri katika nchi ile wa kumwombea kibali. Na katika mlango wa mgeni anatiliwa shaka, maana jembe limo mkobani. Waliouandika mkataba ule walidhani, kama walivyodhani watu wote zamani hizo, kwamba mahali alipo mtu ndipo ilipo kazi yake.

Hapa kwetu Tanzania hali ni ya namna hiyo. Iko Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995, na iko sheria ya mwaka 2015 inayosimamia ajira za watu wasio raia. Vibali vya ukaazi viligawanywa madaraja matatu: A ni ya wenye mitaji na wanaojiajiri wenyewe, B ni ya walioajiriwa, C ni ya wengineo, kama wanafunzi, watafiti na watumishi wa dini. Madaraja hayo yalipowekwa, mtu ambaye mwajiri wake yuko Dubai na kitanda chake kiko kwa dada yake hakuwamo katika fikira za waandishi wa sheria.

Dunia nayo imeanza kuamka. Estonia ilifungua mlango wa watu wa namna hii Agosti 2020, na Dubai yenyewe Oktoba mwaka uleule. Namibia ilifuata mwaka 2022, na Kenya mwaka 2024 ikaanzisha kibali cha daraja N. Lakini aghalabu milango hii hufunguliwa kwa mtu mwenye mshahara mkubwa, anayekuja kukaa mwaka mzima na kutumia fedha zake hotelini. Haikufikiriwa kwa ajili ya ndugu anayelala sebuleni akimpikia uji mgonjwa.

Uingereza ilikuja na neno lililo karibu zaidi na haja yetu. Tangu tarehe 31 Januari 2024, kanuni zake zasema wazi kuwa mgeni aweza kuendelea na kazi yake ya mbali akiwa matembezini, mradi kazi hiyo isiwe ndiyo sababu kubwa ya safari. Hata hivyo kanuni hizohizo zamkataza mgeni kuifanya nchi ile kuwa maskani yake kwa njia ya kwenda na kurudi mara kwa mara. Na katika nchi nyingi za Ulaya zilizounganisha mipaka yao, mgeni hapewi zaidi ya siku 90 katika kila siku 180. Tarehe 12 Oktoba 2025 zilianza kuandikisha alama za vidole na sura ya kila mgeni, ili siku zake zihesabiwe na mashine isiyosahau. Wasomaji wetu wenye wana Ulaya na wayajue haya.

Kwa nini mlinzi huuliza

Ndugu zetu, si haki kumfanya kila afisa wa mpaka kuwa adui. Mlinzi huuliza kwa sababu tatu. Ya kwanza ni riziki za watu wake: ataka kujua kama mgeni hakuja kukaa katika kazi ya mwenyeji. Ya pili ni kodi. Nchi nyingi humhesabia mtu siku zake. Hapa Tanzania, kwa sheria ya kodi ya mapato, mtu aliyekaa nchini siku 183 au zaidi katika mwaka huhesabiwa kuwa mkaazi kwa mambo ya kodi, hata kama kitanda anacholalia ni cha kuazima. Ya tatu ni usalama. Na sisi watu wa Kigoma tusijifanye hatuijui sababu hii. Tuliwapokea ndugu waliokimbia Burundi mwaka 1972 na tena mwaka 1993. Tuliwapokea wa Kongo mwaka 1996, mwaka ambao kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa. Mlango uliopitiwa na watu wengi wenye majonzi, mlinzi wake hujifunza kutazama sana.

Lakini haki ina pande mbili. Sheria inaponyamaza, mlinzi huamua kwa moyo wake. Huyu asema pita, yule asema rudi, na baina ya pita na rudi ndipo rushwa hupata kiti cha kukalia. Mtume (s.a.w.) aliwalaani wote wawili, mtoaji na mpokeaji. Kwa hiyo twawaomba wakubwa wa nchi zetu za Maziwa Makuu waliandike jambo hili kwa maneno ya wazi: kwamba mgeni anayemwuguza nduguye, ambaye mwajiri wake na ujira wake viko nje, aruhusiwe kwa siku kadha wa kadha, na aandikwe kwa jina la hali yake. Sheria iliyo wazi humpumzisha mgeni na humpumzisha mlinzi pia.

Siku tatu za Makka

Sasa tumrudie kijana wetu na swali lake: nimekosa nini? Tulimjibu kwamba katika kazi yake hatuoni dhambi. Chumo lake ni halali. Kosa lilikuwa katika maneno manne: Sina kazi, picha tu. Afisa yule huenda angemkatalia hata kama angesema kweli, hilo hatulijui. Lakini baada ya uwongo hakubaki na nguvu ya kujitetea. Mgonjwa alikuwa wa kweli, hospitali ilikuwa ya kweli, na nia ilikuwa safi. Vyote vikafunikwa na neno moja lisilo la kweli.

Katika Sura An-Nur, aya ya 27 na ya 28, Mwenyezi Mungu atuamuru tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tubishe hodi na kuwasalimu wenyewe. Na tukiambiwa turudi, basi turudi, kwa kuwa hilo ndilo lililo safi zaidi kwetu. Nchi ya watu ni nyumba ya watu. Na wanachuoni wa fikihi walisema tangu kale kwamba Mwislamu aliyeingia katika nchi ya wengine kwa amani waliyompa, amefungwa na amani ile. Si halali kwake kuwahadaa. Viza na pasi za leo ni amani hiyo, ila imeandikwa kwa wino na kupigwa muhuri.

Tena ruhusa huwa na jina lake. Mwaka 2024 maelfu ya Waislamu waliingia Saudia kwa viza za matembezi, kisha wakaenda kuhiji bila kibali cha hija, wakawa hawana mahema wala magari. Joto lilikuwa kali mno, na serikali ya Saudia ilitangaza vifo 1,301, wengi wao wakiwa ni watu wasio na kibali. Mwenyezi Mungu awarehemu. Nia ya ibada ilikuwapo, lakini mlango ulikuwa mwingine.

Na kuhusu kuhesabiwa siku, tunao mfano ulio bora kuliko yote. Mwaka wa 6 wa Hijra, Mtume (s.a.w.) alitoka Madina na masahaba kwenda kufanya umra, nao wakazuiwa Hudaibiya, karibu ya Makka. Mji ule ulikuwa mji wake wa kuzaliwa, na ndani yake imo Nyumba ya Mwenyezi Mungu. Juu ya hayo alifanya mapatano, akarudi. Masahaba walihuzunika sana. Mwaka wa pili yake akaingia kwa sharti la siku tatu, na panga zikiwa alani. Siku zilipotimia, Makureshi wakamtumia neno kwamba muda umekwisha. Naye alikuwa amemposa Bibi Maimuna, akatamani kufanya karamu ya harusi palepale Makka na kuwalisha wote. Wakakataa. Mtume (s.a.w.) hakubishana nao wala hakuongeza usiku mmoja, alitoka, na arusi ikafanyika njiani, mahali paitwapo Sarif. Basi ni nani miongoni mwetu atakayeona haya kuambiwa kuwa siku zake zimekwisha?

Ushauri wetu

Kwa vijana wetu wanaosafiri na jembe mkobani, twasema haya.

Uliza kabla ya safari. Iandikie idara ya uhamiaji ya nchi unayokwenda, au ubalozi wake, ueleze hali yako, na jibu ulichukue mkononi. Sheria hizi hubadilika. Usitegemee habari ya aliyesafiri mwaka juzi.

Chukua hati zako: barua ya mwajiri isemayo kuwa ofisi na mshahara viko nje, cheti cha hospitali kama wamwuguza mtu, jina na mahali pa mwenyeji wako, na tikiti ya kurudi.

Andika siku zako katika daftari, tarehe ya kuingia na ya kutoka, kila safari. Hakikisha muhuri umepigwa kila upande. Na usishawishike kuvuka ziwa usiku kwa mtumbwi ili kuukwepa muhuri. Aliyeingia kwa dirisha hawezi kutokea kwa mlango.

Ukiulizwa, sema kweli, fupi na kamili: Naja kumwuguza dada yangu, nina kazi ya kampuni iliyo nje, nitaiendeleza usiku, sitafuti kazi hapa wala sitalipwa hapa. Ukiambiwa rudi, rudi kwa adabu, lakini uliza sababu, na uombe kuelezwa pa kupeleka rufani.

Na kwa wazazi tuna neno moja, nalo latuhusu sisi kwanza. Tulimwuliza kijana ni nani aliyemfundisha kusema hana kazi. Akainamisha kichwa, akasema, "Wazee, Maalim. Husema mpakani mtu hasemi kitu." Nasi tulikumbuka kuwa nasaha hiyo ilitolewa mara nyingi barazani petu, watu wakacheka, nasi tukacheka pamoja nao, tusiikemee. Chuoni tulimfundisha kwamba uwongo ni haramu, na barazani tukamfundisha kwamba mpakani una ruhusa. Mtoto amesikia yote mawili, na mlangoni alikumbuka la pili.

Miezi michache baadaye dada yake alihitaji kutazamwa tena na daktari. Kijana aliandika barua, akangoja jibu, akaenda na hati zake. Muhuri wa kukataliwa ulikuwa bado umo katika pasipoti, na afisa aliuona. Kijana akaeleza yote, hata uwongo wake wa kwanza. Akawekwa benchini tangu adhuhuri mpaka alasiri, simu zikapigwa. Kisha akaandikiwa siku kumi na nne.

Alirudi Kasingirima siku ya kumi na tatu.